Barafu Kwenye Sahani za Ofisi

...na cha chumvi ndicho kilichotangulia, hilo Aikande alilijua tangu Dhirendra mwenye duka alipofunua gunia na kutoa bonge la barafu kwenye ndoo yenye vumbi la mbao, akalivunja kwa nyundo ndogo, akaweka vipande vitatu kwenye sahani tatu za ofisi, zile zenye ua la buluu ukingoni ambazo hutolewa wageni wakija, kimoja akakinyunyizia chumvi, cha pili mbolea ya urea, cha tatu mchanga mweusi wa mlimani, kisha akarudi kitini na kukunja mikono kama mtu aliyekwisha kupika na sasa anangoja sifa, na kweli kile cha chumvi kimeshapoteza pembe zake, kimekuwa kama peremende iliyomung'unywa, kinaelea kwenye maji yake chenyewe, na wajumbe wa kamati ya vibanda vya mlimani wamekiinamia vichwa vikigusana, na Ndugu Efraimu, mwenyekiti, anasema, "Sasa jamani, mnataka ushahidi gani tena?" kisha anamgeukia, "Mama Aikande, wewe ndiye afisa ugavi, sema neno moja tu tupitishe, tukanunue, ngazi zimwagiwe, watu wapande," na Aikande anasema, "Naomba kidogo, Ndugu Mwenyekiti, nimalize chai," wakati kikombe kimejaa mpaka juu na chai yenyewe bado inachoma midomo, hakuna mtu anayeweza kuimaliza, na Ndugu Efraimu analijua hilo, ila ni mtu wa heshima, anacheka, anasema, "Haya, mama anywe, barafu yenyewe haina haraka," na chumba kizima kinacheka isipokuwa yeye, kwa sababu neno hilo moja analoombwa alitoe ni la miguu ya Kornel, mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yake, ambaye Jumatatu anarudi kupika mlimani kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na jana jioni alikuja akasimama mlangoni kwake na ile fimbo yake ambayo haihitaji tena lakini haiachi, akasema, "Dada, nisikilize vizuri, usiniletee habari za mchanga, mchanga ni wa kujengea, mimi nataka chumvi, chumvi inakula barafu mpaka mbao inaonekana," naye akamjibu, "Kesho tutakaa kamati," Kornel akasema, "Kamati haijawahi kubeba maji alfajiri ikapanda nayo zile ngazi," na hilo ni kweli, kamati haijawahi, nusu yao wanauona mlima dirishani tu, wakati mawingu yakiruhusu...

...zile ngazi, ngazi za mbao za vibanda vya juu, ambazo kuanzia mwezi wa sita zinalala na umande na kuamka na kioo, barafu nyembamba isiyoonekana, wapishi wanaamka kabla ya jua kwenda kuteka maji kwenye kijito kilicho chini ya vibanda, na hapo ndipo Kornel alipoanguka Julai ya mwaka jana na debe begani, debe likamtangulia, naye akalifuata, na nyonga ikavunjika, mama yao alipoambiwa hakulia, aliuliza tu, "Yuko hai?" akaambiwa yuko hai, akasema, "Basi, Mungu ameninyima nusu ya msiba," akaingia jikoni kuchemsha maziwa, Aikande anayakumbuka maneno yale jinsi yalivyotoka, kwa mpangilio ule ule, maana katika ukoo wao yeye ndiye anayeulizwa nani alisema nini siku gani, wenzake wakisimulia anawasahihisha, hata msibani, hata harusini, wanamwogopa kidogo kwa hilo, na sasa anajiuliza kama kuna kitu hajakikumbuka sawasawa, kuna kitu kinamgusa ubavuni tangu Dhirendra alipomwaga ule mchanga kwenye sahani ya tatu, sauti yake ulipodondoka, kama mtu anayetembea... lakini Ndugu Efraimu anaendelea kusema, anasema urea nayo si mbaya, inakwenda polepole lakini inakwenda, na Dhirendra anaitika, "Ulaya wanaimwaga kwenye viwanja vya ndege, ndugu zangu, ndege kubwa inatua juu yake," na mjumbe mmoja anauliza, "Na huku kwetu itatua nini, kunguru?" wanacheka tena, na Aikande anajisemea moyoni, urea hapana, hilo halihitaji hata chai, mbolea hiyo wakulima wa mahindi kule tambarare wanaigombania kwa mgao, mfuko mmoja watu watatu, halafu sisi tuibebe kwa migongo ya wapagazi tukaimwage juu ya mbao, ikishuka kwenye kijito kiote utelezi wa kijani kwenye mawe, hapana, na ile dawa nyingine, ile ya mifuko ya plastiki iliyosifiwa kwenye mkutano uliopita kwamba haiozeshi mbao wala haiui majani, iko Nairobi, na mpaka wa Holili umefungwa, havuki hata mbuzi, na kuiagiza kwa njia ya bandari ni kuomba fedha za kigeni ambazo hata hospitali wanaziomba bado, kwa hiyo ni hizi sahani tatu tu, na kwa kweli ni mbili, na kila anayetazama anaona ni moja...

...chumvi, ambayo mwaka jana baada ya Kornel kuanguka ilipandishwa mlimani gunia kwa gunia, na hakuna aliyeanguka tena, hilo lazima lisemwe, Aikande ni mtu wa haki, hakuna aliyeanguka, mbao zilikauka asubuhi kama mgongo wa kitabu, lakini wakaja pofu, wale swala wakubwa kuliko wote, na hapa hata yeye mwenye uso mgumu anajikuta anataka kutabasamu ndani ya kikombe, kwa sababu kamati yote hii, kila mmoja aliyekaa hapa isipokuwa Dhirendra, amezaliwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo wake, amelala nyumba moja na ng'ombe wa zizini, ametumwa majani, amelambwa kiganja na ulimi ule wa msasa akimpa ng'ombe magadi, wote wanajua mnyama akinusa chumvi anafanya nini, na hakuna hata mmoja aliyesema, walikaa hapa hapa wakapitisha chumvi kana kwamba huko juu hakuna kiumbe mwenye ulimi, na pofu wakashuka kutoka mbugani kule juu ya msitu, wanyama wakubwa kama maksai, wakasimama kwenye ngazi wakilamba ubao kwa ubao, wakavunja mbili kwa uzito, mgeni mmoja akafungua mlango wa kibanda alfajiri akakutana uso kwa uso na dume lenye pembe za kusokotwa, akaufunga, akakaa humo mpaka saa nne, na taarifa ilipoletwa Ndugu Efraimu alisema, "Hao nao ni watalii, tofauti ni kwamba hawalipi," wakacheka, ni watu wa kucheka hawa, siku zote anawashukuru kwa hilo, ofisi nyingine watu hawacheki, lakini baada ya pofu yakafuata maji, kijito cha chini ya ngazi kikaanza kubadilika, wapishi wakaacha kutia chumvi kwenye wali, kisha wakaacha kutia kwenye mboga, Kornel mwenyewe akiwa kitandani aliletewa habari hiyo na wenzake akaipokea kama kichekesho, "Huko juu sasa chai inajitegemea," alisema, na mmea ule mnene wenye majani kama kabichi uliokuwa ukingoni mwa kijito ukakunja majani ukafa umesimama, na maji yale hayaishii pale, yanashuka, hayo hata mtoto anajua, yanaingia msituni, yanapotea chini, yanatokea tena huko Uru kwenye mfongo wa mama yake, mfereji uliochimbwa na babu wa babu yake pamoja na wenzake wa ukoo, ambao mpaka leo mama anauamkia zamu yake ikifika, anafungua kwa jembe, maji yanaingia kwenye migomba yakitoa ile sauti, na yeye anasema, "Asante," kwa Kichagga, kila mara, wala hasemi kwa nani... sasa kama chumvi ya ngazi zile inaweza kweli kufika kwenye mfongo wa mama, Aikande hajui, hajapima, hakuna aliyepima, hatalisema hilo mbele ya kamati kana kwamba analijua, labda mlima unaimeza, labda ni tone ndani ya pipa, lakini kijito cha juu kilikuwa kitamu na sasa si kitamu, hilo limeonjwa...

..."Mama Aikande," anasema Dhirendra kwa sauti ya chini, ameinama kidogo upande wake, "chai hii yako ni ya sherehe?" naye anamjibu, "Ni ya kufikiri, Bwana Dhirendra," na Dhirendra anaitikia kwa kichwa, anarudi nyuma, hamsukumi, hajawahi kumsukuma, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu chumvi ni ya Dhirendra, dukani kwake ndiko itakakonunuliwa, na Dhirendra ndiye siku ile aliyekuwa kwenye lango la mlima na pikapu yake, alikuwa amepeleka misumari na mabati, akamwona Kornel analetwa kwenye machela, hakuuliza ni nani, hakuuliza ni wa nani, alishusha mabati yake yote chini barabarani, akayaacha pale, akatandika magunia, akamlaza, akaendesha mpaka hospitali Moshi taratibu kama aliyebeba mayai, kila shimo akisema, "Pole bwana, shimo hilo, pole tena, lingine," Kornel anasema mpaka leo akisikia neno pole anaona mashimo, na Aikande alipokwenda dukani kesho yake kumshukuru, ameshika kuku miguu, mke wa Dhirendra, Jasoda, akamtazama yule kuku kwa huruma, nyumba yao hawali nyama, kumbe, na Aikande akataka ardhi immeze, lakini Jasoda akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema, "Huyu atakaa hapa atatupa kampani," na kuku yuko pale mpaka leo nyuma ya duka, amezeeka, anatembea kati ya ndoo za rangi kama mwenye mali, basi mtu kama huyo unamwambiaje mbele za watu kwamba chumvi yake hapana, na alipomdokezea hilo wiki iliyopita, kwa kuzungukazunguka, Dhirendra aliweka miwani juu ya kaunta akasema, "Mama, siku ile nilikuwa na gari na ndugu yako hakuwa na mguu, ndiyo hivyo tu, leo mimi nina chumvi na wewe una kamati, ukinunua kwa sababu ya siku ile utaniharibia siku ile," na Aikande alitoka pale, akatembea mpaka stendi akijua kwamba amepewa kitu cha pili na mtu yule yule, na hiki hakikuwa na kuku wa kukilipia...

...na foleni, amesahau foleni, mbele ya duka la ushirika wanawake wamekaa juu ya matofali tangu asubuhi wakingoja chumvi, amewapita akija hapa, Mama Yuditha wa jirani amemwita, "Wewe mtu wa serikali, tuulizie, inakuja au haiji?" naye akasema ataulizia, na sasa amekaa mbele ya chumvi, nyeupe, kavu, inayeyusha barafu kwenye sahani ya ua la buluu, lakini hata hilo, hata foleni, angelimeza, angemeza na pofu na kijito, kama mtu angemwambia bila chumvi Kornel ataanguka tena, hapo ndipo ukweli wake ulipo na hauna haja ya kupambwa, mimi ni dada yake kwanza, anajisemea, nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagusa visigino vyangu, maji ni ya wote na mguu ni wa mmoja lakini huyo mmoja ni wetu, na ile sahani ya tatu, aitazame basi, asiogope, mchanga mweusi umekaa juu ya barafu na barafu haijafanya lolote, iko vile vile, pembe zake zote, na mjumbe aliye karibu nayo anaigonga kwa kijiko, "Hii ya mlimani imelala," anasema, "hii inafanya kazi kama binamu yangu," na Ndugu Efraimu anasema, "Andika, mchanga umeshindwa," na mchanga unadondoka kidogo pembeni, ile sauti tena, kavu, kama mtu anayetembea, kama... kama mtu anayetembea kwenye ua wa nyumba ya Yoramu...

...ua wa Yoramu, ndiyo, ndiko, mama yao alikataa kushukuru watu njiani, alisema shukrani ya njiani ni salamu tu, anayeshukuru anakwenda mpaka mlangoni kwa mtu, basi Kornel alipotoka hospitali wakaenda nyumba kwa nyumba, mama mbele na kibuyu cha maziwa, Aikande nyuma na mkungu wa ndizi kichwani, kwa kila mpagazi aliyeshika machela ile, wengine wako mbali, vilima viwili, wakifika mama anasema maneno yale yale, "Nimekuja kwa sababu mtoto wangu anakula," anakaa, anapewa mbege, ile pombe ya ndizi, anaonja, wanaondoka, na kwa Yoramu, aliyekuwa ameshika machela upande wa mbele, ua ulikuwa umemwagwa changarawe nyeusi iliyokuwa inalia chini ya miguu, na Yoramu akawatania, "Mama, wewe mtoto wako ni mzito, angeanguka mwembamba tungeshukuru sisi," na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Julai, mpaka akafunika mdomo kwa kanga, na Aikande akauliza, yeye wa kuuliza, yeye wa kutaka kila kitu kikae mahali pake, "Lakini mliwezaje kushuka zile ngazi na mtu kwenye machela, ikiwa yeye mwenyewe na debe moja zimemwangusha?" na Yoramu akamtazama kama ameulizwa jinsi ya kuvaa viatu, "Si tulimwaga, dada, mmoja alitangulia na karai la mchanga na majivu ya jikoni, anamwaga ubao mmoja, tunakanyaga, anamwaga mwingine, tunakanyaga, sasa ile barafu tungeingoja iyeyuke mpaka lini, na mtu analia?" na mke wake akasema, "Wacha kujisifu, mwongezee mama mbege," na yakaishia hapo, na yeye Aikande, kumbukumbu ya ukoo, aliyahifadhi yote, mzaha wa uzito, kanga mdomoni, mbege, na hilo la mchanga akaliweka pamoja na mengine kama kitu cha kushukuriwa, wala hakuligeuza upande wa pili kuona kwamba ni jibu pia, kwa mwaka mzima, akiwa afisa ugavi...

...barafu ilikuwepo, anajisemea, na anakiweka kikombe chini, barafu ilikuwepo asubuhi ile yote, haikuyeyuka hata tone, na ndugu yangu alishushwa juu yake na watu ambao hakuna hata mmoja aliyeteleza, walimtembeza juu ya kitu kile kile kilichomvunja, na sisi tumekaa hapa tunashindanisha nani anayeyusha haraka, nani aliyesema lazima iyeyuke, nani aliyetuambia kwamba kazi ni kuimaliza barafu, jua litaimaliza saa tatu kama linavyoimaliza kila siku tangu huo mlima uwepo, kazi ni saa zile mbili tu, alfajiri, mguu wa mtu na ubao, na mchanga uko kule kule, mlima mzima ni huo mchanga, haupandishwi kwa gari wala kwa mgongo kutoka popote, hauna mgao, hauna mpaka wa kufungwa, pofu hawaulambi, mvua ikiuosha unarudi ulikotoka, kinachotakiwa ni kuuchekecha ubaki ule wenye meno, na makarai, na mtu wa kuumwaga kila alfajiri kabla ya wateka maji, mtu wa kupangiwa kazi hiyo na kulipwa kwa kazi hiyo, si kwa hisani, na Kornel, atamwambia nini Kornel, atamwambia ulishaupita juu yake, mdogo wangu, ulikuwa umelala chali huoni, ulikuwa unalia, lakini umeshaupita, waulize waliokubeba, na kama atabisha, maana atabisha, basi Jumatatu atapanda naye mpaka vibanda vya juu, na magoti yake haya, amtangulie yeye na karai...

...na anawaona wote walioshika machela, kwa ghafla, wanapita mbele yake mmoja mmoja kama walivyokaa kwenye nyumba zao mama alipoingia kwao, kila mmoja na mlango wake na kigoda alichowapa, na pikapu bila mabati, na wapishi wanaokunywa maji ya chumvi na bado wanatania, na hata hawa hapa, hata Ndugu Efraimu aliyengoja chai ya mtu mmoja ipoe wakati ana mikutano mingine miwili, ni watu wangapi wameishika familia hii isidondoke na hawajui kama wameishika, macho yanamwasha, si mahali pake hapa, anakohoa, anapangusa pua kwa leso kama mwenye mafua, na Ndugu Efraimu anasema, "Haya mama, naona sasa umekunywa," ingawa kikombe kimejaa vile vile, na Aikande anasema, "Sijanywa, Ndugu Mwenyekiti," na anavuta sahani ya kwanza na ya tatu mpaka katikati ya meza, anahisi Dhirendra anamtazama, anamtazama na yeye, moja kwa moja, na hamwombi radhi kwa macho maana alishamwambia asifanye hivyo, na Dhirendra, mtu huyu, anainua nyusi kidogo na kumwachia nafasi mezani, anasogeza hata kofia yake, "Ndugu Mwenyekiti," anasema Aikande, "kabla sijasema neno, nipe kidole chako," na mjumbe wa kijiko anasema, "Mama anataka kumvisha pete," wanacheka, na mwenyekiti naye anacheka, lakini anakunja mkono wa shati, ananyoosha kidole, "Bonyeza hapa kwenye cha chumvi, usukume kama mguu unaokanyaga," na kipande kinachomoka chini ya kidole, kinateleza kwenye maji yake, kinagonga ukingo wa sahani, "Sasa bonyeza hiki, kilicholala," na Ndugu Efraimu anabonyeza, anasukuma, anasukuma tena kwa nguvu zaidi, kidole hakitelezi, na sahani nzima inasogea mezani pamoja na kidole chake.